Matombo: Daktari, Kapteni na Wapagazi

Kuta za makanisa ya kale ya Uingereza hazikai tupu. Zina vibao vya shaba na marumaru ambavyo wazazi waliwawekea vijana wao waliofia vitani, na katika hao madaktari wa jeshi hawakosekani: kijana ametoka chuoni juzi, amepewa ukapteni na mkoba wa dawa, amekufa akimfunga mwenzake jeraha. Anayetajwa zaidi ni Noel Chavasse, mtoto wa Askofu wa Liverpool, aliyekimbia kwenye Michezo ya Olimpiki ya 1908 kabla ya kuwa daktari wa jeshi. Alikufa kwa majeraha huko Ubelgiji tarehe 4 Agosti 1917, akiwa na miaka 32. Kwenye jiwe la kaburi lake imechongwa Misalaba ya Victoria miwili, kwa kuwa nishani hiyo aliipata mara mbili.

Vibao vya namna hiyo hutaja mahali mtu alipoanguka. Vingi vinasema Ufaransa, Ubelgiji au Uturuki. Vichache vinasema Afrika Mashariki, basi, utadhani Afrika Mashariki ni kijiji. Nikataka kukiona walau kijiji kimoja kati ya hivyo. Nikachagua Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, ambako Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipigana huku mizigo ya pande zote mbili iko vichwani mwa watu wetu.

Nilianzia makaburi ya vita ya Morogoro mjini. Yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na kweli yanatunzwa: majani yamefyekwa, maandishi yanasomeka, na mlima Lupanga umesimama juu ya mji ukiwa na wingu lake kichwani. Kaburi nililolitaka ni la Kapteni John Fitzhardinge Paul Butler. Huyu alifika kwetu akiwa tayari na Msalaba wa Victoria. Aliupata Kamerun mwaka 1914. Mwezi wa Novemba, akiwa na watu 13 tu, aliwavamia msituni maadui wapatao 100 na kuwanyang'anya bombomu. Mwezi uliofuata akaogelea peke yake kuvuka mto Ekam ili kupeleleza ng'ambo huku akipigwa risasi. Mwaka 1916 alikuja na Kikosi cha Gold Coast, yaani askari wa Ghana ya leo, walioshuka Kilindini tarehe 26 Julai. Wiki sita hazijatimia, Butler akafa Matombo tarehe 5 Septemba. Alikuwa na miaka 27.

Butler hakuwa daktari. Namtaja kwa sababu ndiye marehemu wa Matombo ambaye dunia inamjua kwa jina, cheo, tarehe na nishani. Ukimweka pamoja na Chavasse unaona jinsi mambo yalivyokwenda: afisa akifa, karani anaandika, simu inapelekwa kwao, familia inajua walie siku gani na jiwe liandikwe nini. Jeshi lile lilijua kuandika. Liliandika hata magunia ya unga na makasha ya risasi. Nilitoka makaburini nikiwa na hilo kichwani, nikaenda kutafuta gari.

Stendi, mpiga debe alinisukumia kwenye Noah iliyokwisha kujaa, akaapa kwamba nafasi ipo. Ilipatikana, nusu yangu na nusu ya mama mmoja aliyekuwa anarudi Mkuyuni na ndoo tupu mbili. Asubuhi zilikuwa na ndizi. Akanitazama viatu, akaona mimi si mtu wa huko.

"Unakwenda msiba, baba?"

"Msiba, mama, ila wa zamani."

"Wa lini?"

"Elfu moja mia tisa na kumi na sita."

"Hee! Na bado mnalia?"

Gari zima likacheka, kondakta akasema mimi ndiye wa kulipa nauli mara mbili, yangu na ya marehemu. Tulipita Bigwa, tukapanda kwenda Kiroka ambako bondeni kuna majaruba ya mpunga, kisha Mkuyuni. Kuanzia hapo Uluguru inaonyesha utajiri wake: migomba, minanasi, mifenesi, mdalasini, mikarafuu, na pilipili manga iliyopanda juu ya miti ikikaribia kuificha. Upande huu unatazama bahari, na mawingu yanayotoka pwani yanaumwagia mvua mwaka mzima. Maji yake yanashuka mto Ruvu, ndiyo hayohayo yanayonywewa Dar es Salaam.

Njia hii ndiyo njia ya vita yenyewe. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916 yakitarajia kumnasa hapo kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Lettow alikuwa ameshaondoka. Jeshi lake lilikuwa linaizunguka Uluguru kwa pande mbili, magharibi na mashariki, kukusanyika tena Kisaki. Waingereza wakagawanyika kumfuata pande zote. Waafrika Kusini walioshika njia ya magharibi walifika Kisaki kwanza na kurudishwa nyuma tarehe 7 na 8 Septemba. Waliopita mashariki walikwama kwenye vilima hivi, hasa mlima ambao vitabu vyao vinauita Kikirunga. Wajerumani walikuwa juu na bombomu, barabara iko chini, na kila kona ya barabara ilikuwa mahali pa kufia. Butler aliuawa katika mapigano hayo.

Ukiwa ndani ya Noah inayohema kwenye kona hizo ni rahisi kuelewa kazi ya daktari wa jeshi ilivyokuwa. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Malori yalishindwa na matope na mawe. Majeruhi aliyepigwa risasi ya tumbo huko juu alikuwa na njia moja tu ya kufika kwa mpasuaji mwenye meza na klorofomu, nayo ni machela. Wanne wanabeba, wanne wanafuata nyuma wakisubiri zamu, kwa sababu kwenye mteremko wenye utelezi bega haliwezi kazi hiyo kwa muda mrefu. Wa mbele wanainua mikono juu ya vichwa vyao na wa nyuma wanachuchumaa, ili mgonjwa asiteleze akaanguka. Piga hesabu: majeruhi mmoja ni watu wanane, na hao wanane wanahitaji unga, na unga unabebwa na wengine, nao wanakula. Daktari hata awe hodari namna gani, huku alikuwa anafanya kazi kwa miguu ya watu ambao jina lao hakulijua.

Na risasi haikuwa adui mkubwa. Katika vita vya Afrika Mashariki waliokufa kwa malaria, kuhara damu na kichomi walikuwa wengi kupita waliokufa kwa silaha. Upande wa Wajerumani, meli za Waingereza zilipoifunga bahari, dawa ikawa ya kujitengenezea: kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mti wake, na askari wakanyweshwa maji machungu ya magome yaliyochemshwa, kinywaji walichokitania kwa kukiita pombe ya Lettow. Upande wa Waingereza wapagazi walikufa wengi mno hata mwaka 1917 Uganda ikaunda kikosi maalumu cha wauguzi Waafrika chini ya daktari aliyeitwa Keane, kikiwachukua vijana waliokuwa wamesoma shule za misheni. Walifunga vidonda, wakagawa dawa, wakakesha na wagonjwa. Ukisikia "kijana wa tiba aliyekufa vitani Afrika Mashariki", usimfikirie mwenye ngozi nyeupe peke yake.

Matombo yenyewe inakupokea kwa soko, shule na vilima vilivyoizunguka pande zote. Misheni iko pembeni kidogo. Ilifunguliwa mwaka 1897 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, walewale walioanza Bagamoyo mwaka 1868 na kufika Morogoro mwaka 1882. Kwa hiyo askari walipopita hapa, watoto wa kwanza kubatizwa walikuwa wameshakuwa watu wazima wenye mashamba na ndoa, na bila shaka mabega ya kubebea mizigo.

Kanisani kulikuwa na akina mama wa jumuiya wakifagia. Nilisalimu, nikakaa benchi la nyuma. Sehemu ya juu ya benchi la mbele yangu mbao zilikuwa zimelainika na kung'aa mahali viganja vya watu vinaposhika wakati wa kusimama, na katikati, ambako hapashikwi, zilikuwa bado na ukavu wake. Ukutani macho yanaongozwa na Njia ya Msalaba, vituo 14, kifo cha kijana mmoja wa miaka thelathini na kitu ambacho watu wa hapa wanakitembelea kila Ijumaa ya Kwaresima. Mmoja wa wale akina mama aliponiona nimekodoa macho ukutani akaniuliza kama natafuta fundi wa rangi. Nikamweleza shida yangu. Akasema mambo ya vita ya zamani niende kwa babu, katekista mstaafu, nyumba ile yenye mti wa limau.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetokea wapi?"

"Nyumbani ni Tabora, babu. Mnyamwezi."

Aligeuza uso kama aliyeona nyoka. "Tabora! Nani kamruhusu Mnyamwezi kuingia hapa na viatu? Mama Anjela, ficheni kuku!"

Hapo nikajua nimefika. Sisi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita na pembe kwenda pwani. Mtani hukutukana mchana, na siku ya msiba ndiye anayeshika jembe. Yeye huchimba, yeye hubeba, yeye hutania wafiwa wasizidi kulia, kisha anadai chake, na hakuna anayeruhusiwa kumnyima. Nilimpa babu heshima yake ya utani, nikamwambia Waluguru wanaogopa kushuka milimani kwa kuwa hawajui kutembea pasipo na mteremko. Akaridhika. Tukaletewa chai ya mdalasini.

Nilimuuliza kuhusu vita vya Mjerumani. Yeye alizaliwa baadaye sana. Alichonacho ni alichosikia kwa wazee wake. Alisema waliongea zaidi juu ya njaa kuliko mizinga. Jeshi la kwanza lilipita likachukua mihogo na mbuzi, jeshi la pili likaja likauliza mbona hakuna mihogo na mbuzi. Wanaume walilala msituni ili wasikamatwe kwenda kubeba. Maneno yake yanaungwa mkono na mtu ambaye hakumjua: Ludwig Deppe, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyetembea na Lettow. Katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1919 alikiri kwamba walikopita waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Daktari huyo alinusurika, ndiyo maana aliweza kusema. Na alichosema ni kwamba jeshi alilolitibu ndilo lililokuwa linawaumiza watu wengine.

"Na wapagazi, babu? Waliokufa hapa walizikwa wapi?"

"Wangapi wangezikwa? Mtu akianguka anavutwa pembeni ya njia, mzigo anapewa mwingine."

"Walikuwamo na Wanyamwezi."

"Walikuwamo." Akanyamaza kidogo, halafu akaninyooshea kidole. "Hapo ndipo penye aibu yetu. Mtani wako akifia mlangoni kwako, wewe ndiye wa kumzika. Hatukuwazika. Tulikuwa tumejificha."

Nilimwambia hakuna Mnyamwezi atakayewadai. Akanijibu kwamba deni la msiba halisamehewi na mtu mmoja.

Alinipa na habari nyingine nisiyoiuliza, kwamba Matombo risasi zililia tena alipokuwa mkubwa. Hiyo inajulikana vizuri. Serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Uluguru kuchimba mashamba ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko, kazi ngumu isiyoongeza mavuno, kwa faini na vitisho. Julai 1955 wananchi wakakusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango huo ukaachwa. "Huyo tunamjua," babu alisema. "Ana kwao, ana wajukuu. Wa mwaka kumi na sita hawana kwao hapa, ndiyo maana wamepotea."

Maneno hayo yalinisaidia kuelewa nilichokiona Morogoro. Mara nyingi tunasema wapagazi walisahauliwa, utadhani kusahau ni ajali. Hawakusahauliwa na mama zao. Mama wa Tabora, wa Songea au wa Machakos alijua mwanawe ametoka na hajarudi, na alimlilia mpaka anaingia kaburini. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia alifia wapi. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo, na wasiopungua 95,000 kati yao walikufa. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwao. Ilibaki mikononi mwa serikali. Upande wa Wajerumani hesabu yenyewe haikutunzwa.

Dar es Salaam tuna Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann. Maandishi yake, ambayo Kiswahili kimo, yanawataja wapagazi pia kuwa mikono na miguu ya jeshi, na yanaahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao. Soma pande zote za jiwe lile. Hakuna jina hata moja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa sera: maafisa wa Kizungu wapewe kila mtu jiwe lake, Waafrika wapewe sanamu moja ya wote. Mnamo Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita yenyewe ilikiri katika ripoti kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Na Januari 2025 ikazinduliwa kumbukumbu Cape Town ya Waafrika waliotumika bila silaha katika Vita hiyo Kuu, zaidi ya 1,700, kila mmoja na jina lake. Majina hayo yalipatikana kwenye makaratasi ya jeshi, yalikokuwa yamelala muda wote huo.

Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na sina sababu ya kumwonea wivu daktari kijana mwenye kibao chake kanisani Uingereza. Wazazi wake walifanya walichopaswa kufanya. Wala sidhani Butler amezidishiwa. Mtu aliyekufa akiwa na miaka 27 mbali na kwao anastahili jiwe. Ninachosema ni kwamba kipimo walichopewa hao wawili, yaani jina, mahali na tarehe, ndicho kipimo cha kudai kwa mpagazi, bila kupunguza. Sanamu nyingine ya jumla hatuihitaji. Tunahitaji vijana wa historia wa vyuo vyetu waingie kwenye nyaraka za taifa na daftari za misheni kongwe, za ubatizo, ndoa na maziko, watafute mwaka 1916 na 1917, watoe jina mojamoja. Hata wakipata 50 kwa milima hii, ni 50.

Nilimuuliza babu, kama majina hayo yakipatikana, Matombo ingeyaweka wapi. Nilitegemea atataja ukuta. Yeye alitaja Novemba. Mwezi huo, alisema, waumini huleta bahasha zenye majina ya marehemu wao, nazo huwekwa altareni na kuombewa mwezi mzima. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa Mluguru au la, wala kama ubani umelipiwa.

"Yaleteni, tutayasoma. Hata ya Kinyamwezi, ingawa yatatuvunja ulimi."

"Na lile deni la kuzika, babu?"

"Tutazika kwa kusoma. Lakini mtani hazikii bure. Mwambie mkubwa wenu huko Tabora, ukija na majina uje na mbuzi, na awe dume."